UTAMSAMEHE LINI? Maisha ya Alexander Mackay, Mtu wa Miaka 40

Rafiki yangu kijana, usiutupe ukurasa huu. Umepewa bure, na kuusoma hakuchukui hata nusu saa. Kaa chini ya mti, au pale kijiweni ukisubiri abiria wa bodaboda, usome polepole mpaka mwisho.

Nina swali moja tu kwako. Je, yuko mtu uliyemwekea kinyongo moyoni? Usijibu haraka. Labda ni baba yako mdogo, aliyesogeza mpaka wa shamba mara tu mzee alipofariki. Labda ni jirani ambaye ng'ombe wake waliingia kwenye pamba yako usiku, asubuhi ukakuta mabua matupu, na yeye akakataa kulipa. Labda ni rafiki aliyekukopa hela ya pikipiki akahamia Mwanza, simu hapokei. Labda ni mama wa kambo, au baba mzazi aliyewatelekeza. Mkikutana mnadani unageuza uso. Njiani unampita kama unavyopita kisiki. Ukiulizwa unasema: nitamsamehe, lakini siyo leo. Kwanza na yeye aone uchungu!

Haya, siyo leo. Basi utamsamehe lini? Mwakani? Ukishaoa? Ukishakuwa mzee? Una hakika gani kwamba huyo mwaka utakukuta?

Leo nataka nikusimulie maisha ya mtu mmoja aliyejua kuhesabu siku zake. Alikuwa mzungu wa Scotland, lakini miaka yake mikubwa aliiishi kando ya ziwa letu, Ziwa Victoria. Alikanyaga Ukerewe. Alilala Kageyi, upande wa Magu. Alikufa Usambiro, kusini mwa ziwa, katika nchi hii hii inayoitwa Tanzania leo. Ukitoka hapa Bukundi ukafika Bariadi, ukapanda basi la Mwanza kupitia Lamadi na Magu, unapita karibu kabisa na mahali alipopita yeye kwa miguu na kwa mashua. Jina lake ni Alexander Mackay.

FUNDI ALIYEHESABU SIKU ZAKE

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji. Lakini kijana Alexander alipenda vyuma. Alipenda injini, mashine za kuchapia, nyundo na moto wa mhunzi. Akasomea uhandisi Edinburgh, kisha akaenda Ujerumani, mjini Berlin, akafanya kazi ya kuchora na kuunda mashine. Alikuwa na kazi nzuri, mshahara mzuri, na njia nyeupe mbele yake. Kijana wa leo angesema: huyu ametoka kimaisha!

Mwaka 1875 barua ya msafiri Stanley ilitangazwa katika magazeti ya Uingereza. Ilisema kwamba Kabaka Mutesa wa Buganda anataka walimu. Mackay akaacha kazi, akajiandikisha. Aprili 1876 akapanda meli pamoja na wenzake. Wote walikuwa wanane.

Sikiliza jambo hili. Kabla hawajaondoka walifanyiwa kikao cha kuagwa. Kila mtu alitegemea maneno matamu. Mackay aliposimama akawakumbusha wakubwa wa misheni kwamba kabla ya miezi sita kupita huenda watapata habari kwamba mmoja wa hao wanane amekufa. Akawaomba wasivunjike moyo siku hiyo ikifika, bali wamtume mwingine ashike nafasi ya marehemu. Ukumbi mzima kimya!

Haikuwa mzaha. Agosti 1876, kabla hata hawajaanza safari ya bara, mmoja wao alifariki Zanzibar. Mei 1877 mwingine akafariki Kageyi, ufukweni mwa ziwa. Desemba mwaka huo huo wawili wakauawa Ukerewe. Wengine wakarudi kwao wakiwa wagonjwa. Haikupita miaka miwili, nusu ya watu wale wanane walikuwa kaburini.

Wewe unafikiri kifo ni cha wazee. Mackay akiwa na miaka 26 alijua kwamba kifo hakiulizi cheti cha kuzaliwa. Neno la Mungu linafundisha hivyo hivyo: maisha yetu ni kama mvuke, unaonekana kidogo, mara umetoweka. Na mtu anayejua hivyo hawezi kuweka visasi akiba, kama anayeweka mahindi ghalani.

SUBIRA HAIJI KWA SIKU MOJA

Usifikiri Mackay alizaliwa mpole. Hapana bwana! Alikuwa mtu wa haraka, mwenye maneno makali, anayependa kazi iishe leo leo. Mungu akamtia katika shule ya subira, na shule yenyewe ilikuwa ngumu.

Kwanza, safari ya bara haijaenda mbali akaugua vibaya, akarudishwa pwani. Wenzake wakatangulia, yeye akabaki nyuma. Angeweza kununa. Badala yake akashika majembe na mashoka pamoja na vibarua, wakafyeka njia kutoka Saadani hadi Mpwapwa, karibu kilometa 370, ili mikokoteni ipite. Hiyo ilikuwa mwaka 1877.

Pili, alipofika Kageyi, Juni 1878, alikuta mali ya misheni imerundikwa ovyo kibandani. Vyuma vimeshika kutu, vitu vimeharibika. Akakaa kitako, akachambua kitu kimoja kimoja, akasafisha, akatengeneza tena mashua yao iliyoitwa Daisy.

Tatu, yeye na mwenzake Wilson wakaweka mashua majini kwenda Buganda. Dhoruba ikawapiga, mashua ikavunjika kwenye ufuko wa magharibi. Unajua walifanya nini? Waliikata mashua, wakatoa sehemu ya kati iliyoharibika, kisha wakaunganisha upande wa mbele na wa nyuma ikawa mashua fupi. Kazi hiyo iliwachukua karibu miezi miwili, mvua na jua vikiwa juu yao. Novemba 1878 wakafika Buganda.

Kijana, wewe ukituma ujumbe kwa simu usijibiwe kwa dakika tano, umeshakasirika! Ukiona mwenzako kanunua pikipiki na wewe bado, unataka kuuza ng'ombe wa baba usiku. Subira siyo uvivu. Subira ni kuendelea na kazi yako wakati mambo hayaendi.

CHAKULA KWA ALIYEMWAGA DAMU

Sasa tuje kwenye msamaha. Nilikuambia wenzake wawili Mackay waliuawa Ukerewe. Majina yao ni Shergold Smith na O'Neill. Ulitokea ugomvi kati ya mtemi Lukonge wa Ukerewe na mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Songoro. Songoro akakimbilia kwa wale wamisionari, nao wakamkinga. Watu wa mtemi wakawashambulia, wakawaua wote pamoja.

Mackay alipofika ziwani, habari ile bado mbichi. Kila mtu Kageyi alikuwa anangojea aone mzungu huyu mpya atafanya nini. Atakusanya bunduki? Atatafuta watu wa kulipiza? Kwa desturi ya wengi, damu hudai damu.

Mackay akafanya jambo lililowashtua wote. Aliondoka kwenda Ukerewe bila silaha, kuonana na Lukonge uso kwa uso. Watu wa Kageyi walimzuia, wakamlilia kama mtu anayekwenda kufa. Yeye akaenda. Akakaa huko siku kadhaa, akala chakula cha mtemi, akazungumza naye, akamweleza kwamba hakuja kulipiza kisasi. Wakafanya amani. Aliporudi Kageyi mzima, watu walimpokea kwa shangwe kana kwamba amefufuka.

Angalia vizuri hapo. Mackay hakusubiri Lukonge ndiye aje kwanza. Sisi tunasema: yeye ndiye aliyekosa, basi yeye ndiye aje. Na yeye kwake anasema vile vile. Mnakaa hivyo miaka kumi, nyumba zinaangaliana, watoto wenu wanakatazwa kucheza pamoja. Halafu siku moja unasikia kilio kwa jirani, mwenzako amefariki. Unakwenda matangani, unakaa chini ya turubai, unakula pilau ya marehemu ambaye hukuwahi kumsalimia. Unamwambia nini sasa? Maiti haisikii.

MABISHANO YALIYOISHIA KABURINI

Lakini nisikufiche upande mwingine. Mwaka 1879 wamisionari Wakatoliki kutoka Ufaransa walifika Buganda, akiwemo padri mmoja kijana aliyeitwa Siméon Lourdel. Mackay na Lourdel wakabishana mbele ya Kabaka Mutesa, barazani, watu wote wakisikiliza. Huyu anasema mwenzake anafundisha uongo, na huyu vile vile. Mutesa mwenyewe akachanganyikiwa, hajui amsikilize nani.

Mabishano yale yalizaa matunda machungu. Vijana wa Buganda waliofundishwa na pande hizo mbili walikuja kupigana kwa bunduki mwaka 1892, Wakristo kwa Wakristo.

Na wale waliobishana je? Mackay alifariki Februari 1890, ana miaka 40. Lourdel akafariki Mei 1890, ana miaka 36. Miezi mitatu tu kati yao! Wakati wanapigana kwa maneno pale barazani, walikuwa kama watu wenye miaka elfu moja ya kuishi. Kumbe wote wawili walikuwa na miaka kumi na moja tu.

Rafiki, kama ungeambiwa leo kwamba wewe na adui yako mmebakiza miaka kumi na moja, je, ungeendelea kugombania kamba ya ng'ombe?

MWANGA NA WATOTO WATATU

Kabaka Mutesa alikufa Oktoba 1884. Akatawala mwanawe Mwanga, kijana wa miaka kama 16 au 18. Fikiria, kijana wa rika lako, na ameshika uhai na mauti ya watu mikononi mwake. Akawa na hofu. Aliogopa wageni, aliogopa watu wa baraza, aliogopa vijana wa ikulu waliokuwa wanasali. Na mtu mwenye hofu akipewa nguvu, ni hatari kuliko simba.

Tarehe 31 Januari 1885 wavulana watatu waliokuwa wanafunzi wa misheni walichomwa moto hadi kufa. Mmoja, Yusufu Lugalama, alikuwa mtoto wa kama miaka 12 tu. Mackay aliwajua. Alikula nao, aliwafundisha kusoma. Alijitahidi kuwaombea waachiliwe, ikashindikana.

Oktoba mwaka huo huo Askofu James Hannington, akiwa njiani kwenda Buganda, aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga, pamoja na sehemu kubwa ya wapagazi wake. Alikuwa na miaka 38. Kisha tarehe 3 Juni 1886 vijana wengi wakachomwa moto Namugongo, Waprotestanti na Wakatoliki pamoja. Mashahidi wanaokumbukwa kwa majina, wa pande zote mbili, ni 45.

Sasa jiweke mahali pa Mackay. Watoto uliowafundisha herufi wamechomwa. Askofu wako ameuawa. Mwenzako Ashe ameondoka Agosti 1886, umebaki peke yako mzungu wa misheni yako katika mji wa huyo muuaji. Na kila mara unaitwa ikulu umtengenezee Kabaka kitu hiki na kile, maana wewe ni fundi. Ungefanyaje?

Mackay alibaki karibu mwaka mzima. Mchana alifanya kazi ya mikono aliyotakiwa kuifanya. Usiku waumini walikuja kwa siri, akawafundisha. Na kwa mashine yake ndogo ya kuchapia akachapa Injili ya Mathayo kwa Kiganda. Kitabu kile kile kinachosimulia jinsi Yesu alivyomfundisha Petro asihesabu mara za kusamehe. Kila ukurasa aliuchapa akiwa chini ya mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa na kila sababu ya kumchukia.

Julai 1887 akafukuzwa. Akavuka ziwa kuja kusini, akajenga Usambiro.

MUUAJI AKIJA NA NJAA

Hapa ndipo ninapotaka usome kwa makini.

Mwaka 1888 mambo yakamgeukia Mwanga. Alipanga kuwaangamiza wasomaji wa dini zote, Waislamu na Wakristo, kwa kuwaacha kisiwani wafe njaa. Shauri likajulikana. Septemba mwaka huo wakaungana, wakampindua. Kabaka mwenye maelfu ya askari akakimbia kwa mitumbwi na watu wachache. Akakimbilia wapi? Magu! Hapo hapo ambapo maji ya mto wetu wa Simiyu yanaingia ziwani. Wafanyabiashara waliompokea wakamnyang'anya alichokuwa nacho, akawa kama mfungwa. Akatoroka, akaenda kwa mapadri wa Bukumbi, karibu na Mwanza. Na hao mapadri ni wale wale ambao watu wao aliwachoma. Wakampokea, wakamlisha.

Juni 1889 Mwanga akamwandikia Mackay. Alimwomba msaada, na akamsihi asiyakumbuke mambo yaliyopita.

Ebu fikiri! Barua kutoka kwa mtu aliyeamuru watoto wako wachomwe, sasa anakuambia usikumbuke yaliyopita. Hana kiti. Ukitaka kisasi, nafasi ndiyo hii, na hakuna wa kukuuliza.

Mackay hakulipiza kisasi. Lakini pia hakumchukulia bunduki na kwenda kumpigania. Misheni yao haikukubali kuingia katika vita. Kushoto alikataa kisasi, kulia alikataa kutumiwa. Baadaye mwaka huo huo wenzake wawili kutoka Usambiro, Gordon na Walker, walikwenda kisiwani alikokuwa Mwanga, wakakaa pamoja na Wakristo wa Buganda waliokuwa wamemkusanyikia. Mackay akabaki Usambiro akichapa vitabu kwa ajili yao.

Hapo jifunze jambo. Wako watu wanaosema: nikimsamehe atarudia. Kusamehe siyo kumrudishia mwizi ufunguo wa duka. Aliyekupiga, unaweza kumsamehe na bado usikae naye nyumba moja. Aliyekudhulumu shamba, unaweza kumsamehe na bado ukaenda kwa mwenyekiti wa kijiji au baraza la kata haki yako ijulikane. Msamaha ni kukataa kumlipa ubaya kwa ubaya. Ni kutoa sumu moyoni mwako. Siyo ujinga.

Na kuna wengine waliofanya makubwa zaidi ya Mackay. Ni wale Wakristo wa Buganda wenyewe. Ndugu zao walikuwa wamechomwa, wao wenyewe walikuwa wamekimbilia ugenini. Hao ndio waliomchukua Mwanga, wakampigania, wakamrudisha kwenye kiti chake. Siasa ilikuwemo, sikatai, walihitaji Kabaka. Lakini ebu jiulize, wewe ungeweza kupiga magoti mbele ya mtu aliyemchoma mdogo wako?

FEBRUARI 1890

Wakubwa wa Mackay walikuwa wamemwandikia arudi Uingereza apumzike. Alikuwa hajaona kwao tangu 1876. Akajibu kwamba wakati watu wa kazi ni haba namna hii, siyo wakati wa mtu kuacha zamu yake. Alikuwa anashughulika na injini, anajiandaa kuunda mashua mpya ya kuvukia ziwa. Alikuwa na mipango mingi kama wewe.

Mwanzoni mwa Februari 1890 akashikwa na malaria. Ugonjwa ule ule unaotuua sisi mpaka leo. Siku chache tu, na tarehe 8 Februari akafariki. Akazikwa Usambiro, mahali ambapo tayari palikuwa na makaburi ya wenzake, likiwemo la Askofu Parker aliyefariki Machi 1888. Mwaka 1927 mifupa yake ikahamishiwa Namirembe, Uganda.

Mwezi huo huo wa Februari 1890 Mwanga akaingia mji mkuu wake, akakaa tena kitini. Mmoja anaingia ikulu, mwingine anaingia kaburini.

Sasa hesabu na mimi. Kutoka barua ya Mwanga, Juni 1889, mpaka kifo cha Mackay, Februari 1890, ni miezi minane. Kama Mackay angesema ngoja kwanza, nitamsamehe mwakani, huyo mwaka asingeumaliza. Angekufa na mzigo wake kifuani.

Na Mwanga naye hakudumu. Mwaka 1897 aliwaasi Waingereza, 1899 akakamatwa, akapelekwa uhamishoni Seychelles. Huko yule aliyewaua watu kwa sababu ya kusali akabatizwa, akapewa jina la Danieli. Akafa mwaka 1903 akiwa bado mtu wa makamo, mbali na nchi yake.

Mackay, Hannington, Lourdel, Mwanga. Hakuna hata mmoja aliyefika uzee. Ubaya wote ule, mabishano yote yale, hofu yote ile, viliingia ndani ya miaka michache tu.

SASA NI ZAMU YAKO

Kijana wa Bukundi, nisikilize. Katika nchi yetu hii ya Usukuma tumezika watu wengi kwa sababu ya kisasi. Tumeona wazee, hasa bibi zetu, wakikatwa mapanga kwa sababu tu mtu alifiwa na mtoto akatafuta wa kumlaumu. Mtoto hakufufuka. Ila nyumba ya pili nayo ikalia, na kijana wa miaka 20 akaozea gerezani. Subira ya siku tatu tu ingeokoa watu wote hao.

Usiseme mimi siyo muuaji. Kisasi huanza kama mche wa pamba, mdogo, laini, ukiupuuza unaota mizizi. Leo ni kununa, kesho ni maneno, keshokutwa ni fimbo.

Fanya hivi. Kwanza, mtaje huyo mtu kwa jina, kimoyomoyo. Usizunguke. Pili, mwambie Mungu ukweli jinsi ulivyoumia. Mungu hashtuki ukimlilia. Tatu, usingoje aje kwako. Kama Mackay alivyovuka maji kwenda Ukerewe, na wewe vuka njia uende. Kama unaogopa, nenda na mzee anayeheshimika. Kama yuko mbali, mpigie simu. Hata salamu tu ni mwanzo. Nne, akikataa kupatana, wewe umemaliza zamu yako. Rudi nyumbani ukalale. Tano, kama wewe ndiye uliyekosa, usitafute maneno mengi. Mwambie nimekosa, na kama kuna cha kulipa, anza kulipa hata kidogo kidogo.

Labda unasema, sina nguvu hizo. Ni kweli, huna. Hata Mackay hakuwa nazo, mtu mkali yule. Nguvu hizo hutoka kwa Yesu, aliyesulubiwa akawaombea msamaha waliompigilia misumari. Yeye amekuwekea wewe mlango wazi kwanza, hata kabla hujaomba. Aliyesamehewa deni kubwa ndiye anayeweza kusamehe deni dogo.

Kama unataka, omba hivi hapo hapo ulipo, kwa maneno yako au kwa haya:

Bwana Yesu, nimechoka kubeba mzigo huu. Nisamehe makosa yangu, niliyoyafanya kwa siri na kwa wazi. Ninamwachilia leo mtu aliyeniumiza. Unipe subira, unipe moyo mpya, unifundishe kuzihesabu siku zangu. Ninakupokea uwe Bwana wa maisha yangu. Amina.

Umeomba? Basi usikae tu na furaha. Jua bado halijazama. Simama, nenda kwa yule mtu sasa. Ukimaliza kusoma, mpe na mwingine karatasi hii, hasa yule mnayesuluhishana naye.

Bwana akubariki, akupe amani.